Siku Tuliposhangilia Mapema



Katika miaka yetu ya utume wa katekesi tumetoa ushuhuda mara nyingi mbele ya waamini. Upo mmoja ambao tungependa kuufuta, lakini neno likishatoka kinywani halirudi. Basi tumeona ni haki tuusahihishe hadharani, kwa kuwa tuliutoa hadharani.

Ilikuwa mwaka uliofuata mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba nyingi za mji wetu wa Uvira. Kijana mmoja wa kwaya yetu, aliyekuwa katika mwaka wa sita wa sekondari, alianza kujitenga na wenzake. Halali, hali, na akila huchunguza chakula kana kwamba kimetiwa sumu. Baadaye akasema kuna sauti zinazomwita kutoka ziwani, zinamtukana kwa jina lake na kumwamuru aingie majini. Usiku mmoja alikimbilia ufukweni kweli, na wavuvi wakamrudisha kwa nguvu. Watu waliona afungwe asije akapotea. Tunakiri kwamba kamba aliyofungiwa, kamba ya nyavu, tuliileta sisi.

Mjomba wake hakuridhika. Alimpeleka katika kituo kimoja cha afya, akachomwa sindano na kupewa vidonge. Katika siku mbili kijana alilala, akala, akamsalimu mama yake kwa jina. Sauti, alisema, zimekwenda mbali. Lakini jioni ya siku ya tatu shingo yake ilipinda upande mmoja na kukaza, macho yakageuka juu, taya zikabana, ulimi ukatoka nje. Sisi tulioitwa haraka tuliona jambo moja tu: pepo amekasirishwa na dawa, naye anajionyesha. Tulisali Rozari, tukaimba usiku kucha, tukamwambia mama azitupe dawa zile, kwa maana vita hii si ya vidonge. Kufikia jioni ya pili shingo ilikuwa imenyoka. Dominika iliyofuata tulisimama mbele ya waamini, tukasimulia ushindi, na kina mama wakapiga vigelegele.

Baada ya wiki sita sauti zilirudi, kali kuliko mwanzo. Kijana aliondoka usiku kuelekea upande wa Makobola, na alipopatikana milimani siku ya tisa, nyayo zake zilikuwa vidonda vitupu. Mtihani wa Taifa ulifanyika bila yeye.

Katika siku hizo muuguzi mmoja mstaafu, mama mzee anayeheshimiwa katika parokia, alituita kwake. Hakutukaripia.

“Mwalimu,” alisema, “ile shingo haikupindwa na pepo. Ilipindwa na sindano. Na ilinyoka kwa sababu dawa ilikuwa inamtoka mwilini.”

“Kumbe dawa ilikuwa mbaya, Mama?”

“Dawa ilikuwa nzuri. Kipimo ndicho kilichomzidi, tena vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi na jambo hilo katika siku za kwanza. Mngeniita, ningemchoma sindano ya kulegeza misuli, na pengine kabla ya saa moja kwisha angekuwa mzima. Hayo yameandikwa katika kila kitabu cha uuguzi. Ninyi ni watu wa kusoma. Mbona hamkusoma?”

Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye vitabu. Dawa yenyewe inaitwa haloperidoli. Tuliyoyasoma kuhusu namna ilivyotafutwa, ikapatikana na kueleweka, tunataka kuwagawia ninyi, kwa maana tungeyajua mapema tusingefanya tuliyoyafanya.

Kwanza, tuufikirie ubongo. Una seli za neva kwa mabilioni, na seli moja haigusani na jirani yake. Kati yao upo mwanya mdogo sana. Ili habari ivuke, seli ya kwanza hutoa kemikali, na seli ya pili huipokea katika sehemu maalumu zinazoitwa vipokezi. Fikirini bandari yetu ya Kalundu. Mtumbwi unatoka ng’ambo ukiwa na mzigo. Usipopata mahali pa kutia nanga, mzigo haushuki. Kemikali ndiyo mtumbwi, kipokezi ndicho gati. Kemikali moja kati ya hizo inaitwa dopamini. Ipo dawa inayoweza kufika gatini ikiwa mtumbwi mtupu: inachukua nafasi, haishushi kitu, na mitumbwi yenye mzigo inabaki majini ikingoja. Ndivyo inavyofanya haloperidoli kwa dopamini.

Lakini wale walioigundua hawakuyajua hayo. Walikuwa wakitafuta kitu kingine.

Mwaka 1953 daktari kijana wa Ubelgiji, Paul Janssen, alianzisha maabara ya utafiti chini ya kampuni ya baba yake, naye hakuwa amefikisha miaka 30. Kazi yao ilikuwa kutunga kemikali mpya moja baada ya nyingine, kuipa kila moja namba, na kuijaribu kwa wanyama ili waone inafanya nini. Walikuwa wakitafuta dawa za maumivu. Kemikali moja ya mfululizo huo iliwashangaza: panya waliopewa walionyesha kwanza dalili kama za mofini, kisha wakatulia kwa namna nyingine kabisa. Utulivu huo ulifanana na ule wa kloropromazini, dawa iliyoanza kutumiwa mjini Paris mwaka 1952 na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker kwa wagonjwa wa akili. Mtafiti mwenye haraka angesema jaribio limeharibika, kwa kuwa hakupata alichokitaka. Wao waliandika walichokiona, wakakifuata.

Walibadilisha umbo la kemikali hiyo mara nyingi, hata tarehe 11 Februari 1958 mkemia Bert Hermans akatunga ile iliyopewa namba R 1625. Hiyo ndiyo haloperidoli. Walikuwa pia na sababu ya kuijaribu dhidi ya amfetamini, dawa ya kuondoa uchovu. Janssen alisimulia kwamba wapanda baiskeli wa mashindano walioitumia amfetamini kupita kiasi walipatwa na hofu na kuamini kwamba wanafuatwa na maadui, sawasawa na wagonjwa wa akili. Ikiwa kemikali fulani inaweza kuzuia amfetamini isimchafue mnyama, huenda ikamtuliza pia mgonjwa. Katika mwaka huohuo madaktari wa Liège waliwapa wagonjwa haloperidoli, wakaona fadhaa na sauti zikipungua.

Mtu wa kanisa akiisoma tarehe 11 Februari 1958 moyo wake unaruka. Ndiyo siku iliyotimiza miaka 100 kamili tangu Bikira Maria amtokee Bernadette kule Lourdes, na ndiyo tarehe ambayo baadaye Papa Yohane Paulo wa Pili aliiweka kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani. Zamani tungelikimbiza jambo hilo madhabahuni kuwa muujiza. Sasa tunaliweka moyoni na kunyamaza. Kushangilia mapema kulikwisha kutugharimu.

Dawa, basi, ilikuwepo na ilisaidia, lakini hakuna aliyejua kwa hakika inagusa wapi. Jibu lilikuja polepole, na sehemu yake ilitoka katika mzizi wa mti. Watu wa India walitumia tangu kale mzizi wa mmea unaoitwa Rauvolfia serpentina kuwatuliza wenye wazimu. Ndugu wa mmea huo, Rauvolfia vomitoria, humea katika misitu ya nchi yetu ya Kongo, na waganga wa Afrika wameujua. Mwaka 1952 watafiti wa Basel, Uswisi, walitenga kutoka katika mzizi ule wa India kemikali iitwayo reserpini. Miaka michache baadaye Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, nao wakalala bila kusogea, masikio yamelegea. Alipowachoma kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka na kutembea. Hivyo alitambua kwamba dopamini ni mjumbe katika ubongo, na kwamba mwendo wa mwili unaitegemea. Mwaka 1963 alieleza, pamoja na Margit Lindqvist, dhana kwamba dawa kama haloperidoli huenda zinaziba vipokezi. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobeli. Tusikimbilie kuchimba mizizi kwa sababu hiyo: kemikali hiyohiyo hushusha msukumo wa damu, na huweza kumtia mtu huzuni nzito.

Dhana bado si ushahidi. Mwaka 1975 Philip Seeman na wenzake wa Toronto, Kanada, walitumia haloperidoli iliyotiwa alama ya mnururisho, wakaiona ikishika mahali pake katika tishu za ubongo. Walipolinganisha dawa mbalimbali za aina hiyo, waligundua kwamba dawa inayoshika kipokezi kwa nguvu zaidi ndiyo ambayo wagonjwa huhitaji kwa kipimo kidogo zaidi. Hapo gati la dopamini likajulikana. Tangu haloperidoli itungwe ilikuwa imepita miaka 17.

Na hapa ndipo tulipoikuta shingo ya kijana wetu. Vipokezi vya dopamini haviko mahali pamoja katika ubongo. Viko katika njia zinazohusika na mawazo na sauti zile, na viko pia katika sehemu inayoongoza misuli. Mtumbwi mtupu hauchagui bandari. Watafiti waliowapiga wagonjwa picha za ubongo wakiwa wanatumia haloperidoli walipima ni vipokezi vingapi vimezibwa. Nafuu huonekana pale vinapozibwa takriban asilimia 65. Vikikaribia asilimia 80, kukakamaa na kutetemeka kunaanza. Kati ya kupona na kupindwa shingo kuna nafasi finyu hivyo. Kijana wetu alikuwa ameivuka. Dalili tuliyoiita pepo ilikuwa imejulikana, imepimwa na kuandikiwa tiba kabla yeye hajazaliwa.

Msifikiri tunawasifu watafiti kana kwamba hawakosei. Dawa nyingine, klozapini, ilipendwa kwa kuwa haiwakakamazi wagonjwa, lakini mwaka 1975 wagonjwa kadhaa wa Ufini walifariki baada ya chembe nyeupe za damu yao kwisha, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Ilirudi baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kuonyesha kwamba iliwasaidia wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, tena kwa sharti kwamba damu yao ipimwe mara kwa mara. Wenye dawa walikiri hatari wakaiwekea ulinzi. Utafutaji haujaisha. Mnamo Septemba 2024 Marekani iliruhusu dawa ambayo haizibi gati la dopamini, bali inagusa vipokezi vya aina nyingine. Kemikali yake kuu ilikuwa imejaribiwa tangu miaka ya 1990, ikakwama kwa sababu ilisumbua sana tumbo, mpaka watafiti walipoiunganisha na dawa ya pili inayozuia usumbufu huo nje ya ubongo. Zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya kidonge kimoja! Sisi tulihitaji usiku mmoja kutoa hukumu.

Kabla dawa ya namna hii haijaruhusiwa leo, hupita kwa wanyama, kisha kwa watu wachache wenye afya, kisha kwa wagonjwa wachache, kisha kwa wengi. Katika hatua hizo za mwisho wengine hupewa dawa mpya na wengine kidonge kisicho na dawa au dawa ya zamani, na kwa kawaida mgonjwa na daktari wake hawajui nani amepewa nini, ili matumaini yao yasiwadanganye macho. Tungekuwa na utaratibu huo wa kujitilia shaka, tungejiuliza: shingo ilinyoka kwa sala zetu, au kwa kuwa dawa ilikuwa imesimamishwa? Kujiuliza hivyo si kukosa imani. Ni kuiheshimu kweli, na kweli ni ya Mungu.

Mama Kanisa hakuyakalia kimya mambo haya. Tarehe 9 Septemba 1958, katika mwaka uleule wa haloperidoli na mwezi mmoja tu kabla ya kufariki kwake, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwahutubia wataalamu wa dawa za akili waliokutana Roma. Hakuwakataza kazi yao. Aliwakumbusha heshima ya mtu wanayemtibu, na mipaka ambayo sayansi haina ruhusa kuivuka. Hilo lilihitajika, kwa kuwa mgonjwa wa akili ni rahisi kugeuzwa kitu cha kujaribiwa. Ni rahisi vilevile kugeuzwa kitu cha kushuhudiwa. Tulimtumia kijana wa watu kuwa mfano wa hotuba yetu bila kumwuliza.

Tunawakumbuka pia Mabruda wa Mapendo, ambao kwetu hujulikana kwa jina la Kifaransa, Frères de la Charité. Mwanzilishi wao, padri Petrus Jozef Triest wa Gent, aliwaendea mwaka 1815 wagonjwa wa akili waliofungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome ya zamani, akawafungua. Dawa hazikuwepo wakati ule. Alianza na mikono yake. Leo mabruda hao wana vituo vya wagonjwa wa akili karibu nasi, Bukavu na Kamenge mjini Bujumbura. Miaka zaidi ya 200 baada ya minyororo ile, sisi tulikuwa tunafunga kamba.

Kijana wetu alirudishwa matibabuni. Safari hii alianzishiwa kipimo kidogo, pamoja na kidonge cha kuzuia kukakamaa, na yule mama muuguzi akawa anapita nyumbani kumwangalia. Mambo hayakuwa kama katika ushuhuda. Alinenepa, akawa mzito asubuhi, siku nyingine sauti humnong’oneza bado. Ila anajua ni ugonjwa, na anajua la kufanya. Anafuma nyavu, na amerudi kwaya katika sauti ya besi. Mwaka wa masomo aliopoteza haukurudi. Wenzake wa darasa wako mbele yake, naye haoni haya kulisema.

Tulikwenda kwake kumwomba radhi. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi. Alituacha tuyamalize, kisha akasema kwa upole: “Mwalimu, usiku ule niliwaambia kwamba shingo inaniuma. Niliwaambia mara nyingi. Lakini mlikuwa mnaimba.”

Vijana wapendwa, neno hilo ndilo tunalowaachia. Watu waliotafuta dawa ile walifaulu kwa sababu walipoona jambo wasilolitazamia walisimama wakalisikiliza, hata lilipotoka kwa panya. Sisi mgonjwa alisema kwa kinywa chake, nasi tukaimba juu ya sauti yake. Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walimwona kipofu wakataka kujua kwanza ni dhambi ya nani; Yesu hakuwaruhusu waanzie hapo. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kusali tunapougua na, pamoja na hayo, kumpa mganga nafasi yake, kwa kuwa dawa Mungu ameitoa katika ardhi.

Kwa hiyo mwenzenu akianza kujitenga, kutolala au kusikia sauti, salini pamoja naye na mmpeleke kwa mtaalamu, yote mawili. Akipewa dawa, msimwambie kamwe aiache. Akipatwa na jambo la ajabu baada ya dawa, mrudisheni kwa aliyempa siku hiyohiyo. Msimfunge. Na katika mkutano wenu wa juma hili tunaomba mjiulize: katika kikundi chetu, ni nani anayesema kwamba anaumia, nasi tunaendelea kuimba?